Diski ya Namoruputh: kwa nini kompyuta hukataa kuitambua diski ya nje

Najua blogu hii imelala kwa majuma mawili, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehama. Sijahama. Nilikuwa Turkana. Kutoka Lodwar nilipanda gari la kwenda magharibi, nikapita Lorugum mpaka Namoruputh. Ukizidi kusonga mbele kwa njia hiyo unafika Lokiriama, na ng'ambo yake ni Uganda. Ujumbe nilioletewa ulikuwa mfupi: "Njoo na kompyuta yako, kuna diski imekufa." Sisi tunaoandika programu huitwa kwa kila kitu chenye waya, hata redio, kwa hiyo nimeshazoea. Lakini diski hii haikuwa ya muziki wala ya sinema.

Miaka kadhaa iliyopita mtafiti mmoja alipita huko akawarekodi wazee wakisimulia amani ya Lokiriama. Kwa asiyejua: mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walikutana Lokiriama, wakazika silaha ardhini na kukubaliana kuacha kuibiana mifugo na kuuana. Mwaka 1979, Idi Amin alipopinduliwa, kambi ya jeshi ya Moroto iliporwa na bunduki nyingi zikaingia mikononi mwa wafugaji wa Karamoja. Bado watu wa pande zote mbili hulitaja agano lile kila ugomvi unaponukia, na hukusanyika kulikumbuka. Wazee waliokuwepo siku ile wanazidi kupungua. Mtafiti aliacha nakala ya sauti zao kwenye diski ya nje, akashukuru, akaenda zake. Diski ikawekwa ndani ya sanduku la bati.

Sasa vijana walizitaka sauti hizo. Walipoichomeka diski, kompyuta haikusema lolote. Mwalimu aliyeniita alikuwa ameijaribu kwenye kompyuta mbili. "Hata taa yake inawaka," aliniambia, "lakini haionekani popote." Nikaiweka sikioni. Tik, tik, tik, kimya. Tena tik, tik, tik, kimya.

Kabla sijasema tulifanya nini, nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu kila hatua ya kuitibu diski ya namna hii ni uamuzi ambao mtu fulani aliufanya zamani, akijibu shida ya siku zake, nasi bado tunaishi nao.

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya IBM, mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa kama sentimita 61, na yote hiyo ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Uzito wake ulikuwa kama tani moja. Hakuna aliyewaza kuibeba kwa matatu. Hata diski zilipopungua na kuingia kwenye kompyuta za mezani, ile ya nje ilikuja na waya wake wa umeme wa ukutani. Kisha mwaka 1996 ikatangazwa USB, kazi ya kampuni kadhaa ambayo Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel aliyezaliwa India, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Shabaha yake ilikuwa tundu moja kwa vifaa vyote, data na umeme katika waya mmoja. Waliokuwa wakifikiriwa zaidi ni kipanya na kibodi, kwa hiyo umeme uliowekwa ulikuwa mdogo: miliampia 500 kwa kila tundu. USB 2.0 ya mwaka 2000 iliongeza mwendo sana, lakini umeme ukabaki uleule. USB 3.0 ya mwaka 2008 ndiyo iliyoupandisha hadi miliampia 900.

Hapo ndipo tik-tik inapotoka. Diski ndogo ya inchi 2.5 ikishazunguka haili umeme mwingi. Lakini kuanza kuzunguka ni kama kusukuma mkokoteni uliosimama: kwa sekunde chache huweza kudai karibu ampia nzima. Ikipewa pungufu, inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Na taa inawaka tu, maana taa haihitaji kitu. Kwa hiyo taa isikudanganye.

Kule Namoruputh diski ilikuwa imechomekwa kwenye kigawio cha USB kisicho na umeme wake, kwa waya mrefu, kwenye laptopu iliyokuwa ikivuta chaji ya sola. Simu mbili zilikuwa zinachajiwa hapohapo. Tuliondoa simu, tukaondoa kigawio, tukatumia waya mfupi wenye vichwa viwili unaochota umeme kwenye matundu mawili ya laptopu. Tuliiacha pia ipoe kivulini, kwa sababu diski nyingi zimeandikiwa mwisho wa joto nyuzi 60 tu, na sanduku la bati lililoachwa kwenye jua la Turkana si mahali pa kuzihifadhi. Tukachomeka. Safari hii ikanguruma vizuri na kutulia. Naongeza onyo: ikiwa diski imepata umeme wa kutosha na bado inagonga, au ilianguka, izime mara moja. Kila dakika ya kuilazimisha inaweza kuikwaruza ndani.

Baada ya umeme huja salamu. Kifaa cha USB kikichomekwa hujitangaza kwa kuvuta waya mmoja wa data juu kupitia kizuizi kidogo cha umeme. Kompyuta ikiona hivyo huuliza: wewe nani? Kifaa hujibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, kisha hutafutiwa draiva. Kwenye Windows 98 ulilazimika kuwa na CD ya draiva hata kwa flashi. Tangu Windows 2000 draiva ya diski za USB imo ndani tayari. Ukitaka kujua kama salamu imefika, kwenye Windows fungua Device Manager, na kwenye Linux andika dmesg. Kama hakuna jina lolote jipya, usihangaike na programu za kuokoa faili. Badilisha waya kwanza, kisha tundu, kisha kompyuta. Waya ndiyo hufa mara nyingi kuliko diski.

Sisi jina lilitokea. Lakini palepale Windows ikatuletea dirisha la kusema kwamba diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kijana aliyekaa kwenye kipanya akasogeza mshale. "Kaka, nibonyeze ndiyo?"

"Usiguse!" Nilipiga kelele mpaka mbuzi waliokuwa nje wakakurupuka. Nilimwomba radhi baadaye.

Ndugu msomaji, hapa ndipo data nyingi hufia. Mashine inauliza kwa upole, na mtu anadhani kufomati ni kutengeneza. Maana halisi ya dirisha lile ni hii: "Mpangilio wa diski hii mimi siujui." Kwenye Windows, kufomati kwa haraka huandika orodha mpya tupu juu ya ile ya zamani. Kufomati kwa ukamilifu, tangu Windows Vista ya mwaka 2007, huandika sifuri juu ya kila kitu, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Kwa nini isiujue? Sababu ni kwamba hatukuwahi kuwa na mpangilio mmoja. Mwaka 1983 IBM ilipoleta kompyuta ya XT yenye diski ya megabaiti 10, DOS 2.0 ilikuja na jedwali la kugawa diski katika sehemu zisizozidi nne. Jedwali hilo likaja kufikia kikomo cha terabaiti 2 kwa diski za kawaida, jambo ambalo mwaka 1983 lilikuwa kama kuhesabu mchanga wa Ziwa Turkana. Ndiyo maana diski ya terabaiti 3 ikiwekwa kwenye mashine ya zamani huonekana nusu au isionekane kabisa. Juu ya jedwali huja mpangilio wa faili, na hapo kila kampuni ilikwenda njia yake: Microsoft ilitoa NTFS mwaka 1993 na FAT32 mwaka 1996, Apple ikatoa HFS+ mwaka 1998 na APFS mwaka 2017.

Mtafiti wetu alikuwa na kompyuta ya Apple. Aliifomati diski kwa HFS+, mpangilio ambao Windows yenyewe haiusomi, akawaachia watu ambao kompyuta zao zote ni za Windows. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini wazee walitoa maneno yao, na walichorudishiwa ni kisanduku ambacho hakuna mtu Namoruputh aliyekuwa na ufunguo wake. Hilo liliniuma kuliko ile tik-tik.

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wangu: flashi yenye Linux. Tuliwasha laptopu kwa flashi hiyo bila kugusa chochote cha Windows, tukaifungua diski kwa kusoma tu, bila kuandika. Folda zikajipanga. Nikabonyeza faili ya kwanza. Upepo, kikohozi, kisha sauti ya mzee ikaanza kwa Kiturkana. Mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akaketi chini. Ilikuwa ya baba yake. Tulinyamaza mpaka ikaisha, na betri ikawa imebaki nusu.

Tulinakili kila kitu kwenye diski mbili mpya zenye exFAT. Huo ni mpangilio wa Microsoft wa mwaka 2006 ambao Apple iliukubali mwaka 2010, na baada ya Microsoft kuutangaza wazi mwaka 2019 uliingia pia kwenye Linux. Leo ndio ulio karibu zaidi na lugha ya wote. Nakala moja imebaki Namoruputh, nyingine imepelekwa Lodwar, na ya tatu nimeahidi kuipeleka Kakuma kwa jamaa wa familia hizo.

Kwa kifupi, diski yako ikikataliwa, fuata mpangilio huu: umeme, waya, tundu, jina kwenye Device Manager, sehemu zake kwenye Disk Management, herufi yake, na mwisho mpangilio wa faili. Herufi nayo ina historia: A, B na C zilitoka CP/M ya miaka ya 1970, na diski nzima yaweza kukosa kuonekana kwa sababu tu haijapewa herufi. Mpe moja hapo kwenye Disk Management, itatokea. Na wakati wote huo, jibu la kufomati ni hapana.

Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa letu, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kwenye changarawe. Kilikuwa cha kijana aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita, na mifupa yake ilikuwa imengoja bila kuhitaji draiva. Diski haingoji hivyo. Ikifikisha miaka kumi, shukuru. Kwa hiyo kama una sauti ya mzee wako ndani ya sanduku, ichomeke wiki hii, isikilize, inakili mara mbili.

Tuonane tena hapahapa. Aliye na diski inayogonga aniandikie, lakini aizime kwanza.