Sahihi ya Mwenye Benki

Juni 22, 1944, siku 16 baada ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ambayo Wamarekani wanaiita GI Bill. Ndani yake mlikuwa na karo ya chuo na posho kwa asiye na kazi. Mlikuwa pia na ahadi ninayoifuatilia hapa: askari atakayerudi kutoka vitani ataweza kukopa fedha za kununua nyumba, na serikali itamdhamini.

Ahadi hiyo ilizaliwa na aibu. Mwaka 1932, uchumi ukiwa umeanguka, maveterani wa Vita vya Kwanza vya Dunia wapatao 20,000 walipiga kambi Washington, wengi wao kwenye matope ya kando ya mto Anacostia. Walidai malipo yaliyoahidiwa na sheria ya 1924, ambayo wangelipwa mwaka 1945. Watoto wao walikuwa na njaa wakati ule, wala hawakuweza kungoja miaka 13. Julai 28 wanajeshi walioongozwa na Jenerali Douglas MacArthur waliwafurusha kwa mabomu ya machozi, na vibanda vyao vikateketea. Taifa zima liliona askari wakifukuzwa na askari.

Waliokumbuka moshi ule hawakutaka urudi. Majira ya Krismasi ya 1943, Harry Colmery, wakili wa Kansas aliyewahi kuongoza chama cha maveterani cha American Legion, alijifungia katika hoteli ya Mayflower jijini Washington na kuandika rasimu kwa mkono, kwenye karatasi za hoteli.

Bungeni rasimu hiyo ilikutana na John Rankin wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati ya maveterani katika Bunge la Wawakilishi, mtu aliyetetea ubaguzi wa rangi hadharani. Posho ya ukosefu wa kazi ilimkera, kwa kuwa ingewafikia hata Wamarekani Weusi wa Kusini. Kamati ya pamoja ya mabunge mawili ikakwama, kura sawa kwa sawa. Mbunge John Gibson, mjumbe wa kamati hiyo, alikuwa mgonjwa nyumbani kwao Georgia. Akasakwa usiku, akaletwa kwa ndege, na asubuhi ya Juni 10 kura yake ikaiokoa sheria.

Iliokoka, lakini ikiwa na ufa. Serikali haikumkopesha askari hata senti. Askari alipaswa kwenda benki mwenyewe, na benki ikikubali, serikali ilidhamini nusu ya mkopo, isizidi dola 2,000. Mwishoni mwa 1945 kikomo kikapandishwa hadi dola 4,000. Riba haikuruhusiwa kuvuka asilimia 4, na mara nyingi mkopaji hakuhitaji kutoa kianzio. Kwa kijana aliyetoka jeshini bila akiba, hii ilikuwa neema kubwa, na siidharau. Kufikia 1952 mikopo ya nyumba karibu milioni 2.4 ilikuwa imedhaminiwa. Lakini tazama nani aliyehakikishiwa. Mkopaji akishindwa kulipa, benki ililipwa sehemu iliyodhaminiwa. Askari aliyekataliwa mlangoni hakuwa na wa kumsemea.

Mwaka 1947 jarida la Ebony lilichunguza miji 13 ya Mississippi. Kati ya mikopo 3,229 ya nyumba, mashamba na biashara iliyodhaminiwa chini ya sheria hii, iliyokwenda kwa maveterani Weusi ilikuwa miwili. Miwili! Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu popote, na hilo halikumsaidia kitu aliyekaa mbele ya meza ya mwenye benki.

Kaskazini nako mlango ulifungwa kwa namna nyingine. Mwaka huohuo mjenzi wa nyumba William Levitt alianza kujenga kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, na kufikia 1951 nyumba zaidi ya 17,000 zilikuwa zimesimama. Veterani aliuziwa nyumba kwa dola 7,990 bila kianzio. Mikataba ya mwanzo ya upangaji iliwakataza wapangaji kumweka humo mtu asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kulazimisha utekelezaji wa masharti ya aina hiyo, lakini Levitt aliendelea kuwakataa Weusi.

Hapa njia inapita kwetu Afrika Mashariki pia. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa na jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Katika kumbukumbu alizochapisha 1967 anasimulia alivyokutana Calcutta na askari Mweusi wa Marekani, na mazungumzo yaliyomfungua macho. Vita vilipokwisha, Mmarekani wa namna ile alirudi kwenye ahadi iliyoandikwa ambayo benki ingeweza kuikataa. Itote alirudi Kenya, ambako mwaka 1919 mashamba ya nyanda za juu yalikuwa yamegawiwa maveterani wa Kizungu wa Vita vya Kwanza kwa bahati nasibu, huku wapagazi Waafrika wa vita hivyo, wa Carrier Corps, wakivishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Kwake hata ahadi ya karatasi haikuwapo.

Agosti 1957 William Myers, veterani wa jeshi la Marekani, alihamia Levittown ya Pennsylvania, mji mwingine uliojengwa na kampuni ya Levitt, na mkewe Daisy na watoto wao watatu. Ilibidi anunue kwa mwenye nyumba, maana kampuni isingemuuzia. Umati ulikusanyika usiku baada ya usiku, mawe yakavunja madirisha. Familia haikuhama. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika uuzaji wa nyumba ilikuja 1968, miaka 24 baada ya sahihi ya Roosevelt, wakati bei za nyumba zile zikiwa zimekwisha kupanda na watoto wa walionunua wakaanza kurithi.

Mwaka 2021 muswada uliwasilishwa kwenye Bunge la Marekani ili wajane na vizazi vya maveterani Weusi wa Vita vya Pili vya Dunia wapewe udhamini wa mikopo ya nyumba. Umepewa jina la Isaac Woodard, sajini aliyepofushwa na polisi huko South Carolina mwezi Februari 1946, saa chache baada ya kuagwa jeshini, pamoja na la sajini mwingine, Joseph Maddox. Bunge hilo lilimaliza muda wake bila kuupitisha. Ukarudishwa 2023, usipite tena. Bado wapo wajane wanaoungojea. Bunge liupitishe wakiwa hai.