Tarehe ya Bura na Mistari Iliyogawa Makazi Yake

Wako watu, na baadhi yao ni wasomi, wasemao ya kuwa Bura, ukingoni mwa mto Tana nchini Kenya, haina tarehe, kwamba palikuwa mwitu mtupu hata mwaka 1981 walipoletwa wakulima wa skimu ya unyunyiziaji, na kwamba wakaaji wake wakikaa mbalimbali, huyu na kabila lake na yule na daraja lake, basi hiyo ni tabia waliyozaliwa nayo. Kauli zote mbili ni batili, na makusudio ya tarehe hii ni kuzibatilisha.

Wenyeji wa kwanza wa ukingo huu, kwa mapokezi ya wazee wa mtoni, ni Wamalakote, ambao wenyewe hujiita Waelwana, pamoja na ndugu zao Wapokomo wa juu. Hao ndio waliolima kando ya Tana kwa kufuata gharika, wakipanda mpunga, mahindi na migomba maji yajapo na yaondokapo, wakasafiri kwa mitumbwi waliyoichonga wenyewe, na kila ukoo ukawa na ukanda wake wa ardhi ulioanzia majini ukaingia bara, mipaka yake ikijulikana kwa miti na kwa majina ya mababu, wala haikuhitaji karani wa kuiandika. Waorma walishuka mtoni wakati wa kiangazi kunywesha ng'ombe, wakipitia njia ziitwazo malka, ambazo wakulima waliziacha wazi kwa ahadi. Wawata waliwinda. Wasomali walikuja baadaye kutoka mashariki.

Watu hawa waligombana, tena mara nyingi, lakini ugomvi wao ulikuwa wa maji na malisho, na mvua ikinyesha husulihishwa. Nyumba ya Muorma, ya mviringo, iliyofungwa kwa fito na kuezekwa nyasi kwa mikono ya wanawake, ilisimama karibu na shamba la Mpokomo msimu mzima, nafaka ikaenda huku na maziwa yakaja huku, wala hapakuwa na askari wa kuuliza nani kakaa wapi.

Na kwa kuwa nimewataja Wapokomo, si haki niipite habari ya ngadzi, ngoma kuu ya wenzetu wa chini ya mto, ambayo haikuonekana na kila mtu, na sauti yake ikisikika watu hutii. Mwaka 1902 watumishi wa serikali ya Kiingereza waliichukua, na hata leo imo katika hazina ya British Museum mjini London. Wazee husema ya kuwa tangu siku hiyo neno la mtoni halikuwa tena na nguvu mbele ya neno la barua. Na mimi nawasadiki, kwa sababu mwaka uo huo wa 1902 ndipo ilipotungwa sharia ya wilaya za pembezoni, iliyoipa serikali uwezo wa kufunga nchi asiingie mgeni ila kwa kibali.

Turejee kwenye habari yetu. Serikali ilipiga mstari baina ya Wasomali na hao Waorma, ambao yenyewe iliwaita Galla, Wasomali wakae mashariki wasivuke kuja magharibi. Na athari yake yaonekana hata sasa, kwani Bura ni mbili, moja ng'ambo ya mashariki iliyo chini ya Garissa, na moja ya magharibi iliyo chini ya Tana River. Mwaka 1915 sharia ya ardhi ikaifanya nchi kuwa mali ya Mfalme, na mwenyeji akawa mpangaji katika makaburi ya babu zake. Mwaka 1934 ikaja sharia ya wilaya maalumu, iliyompa mtawala uwezo wa kulifungia kabila zima mahali pamoja na kuliadhibu lote kwa kosa la mmoja. Sharia hii na ile ya 1902 zilidumu miaka mingi baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa, zikafutwa mwaka 1997.

Wala msomaji asidhani kwamba sisi tulitengwa peke yetu. Nairobi, mwaka 1913, Profesa Simpson aliletwa kutazama tauni na usafi wa mji, akashauri Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa mbalimbali. Na ijapokuwa mwaka 1923 serikali ya London ilitangaza kuwa imeacha ubaguzi wa makazi mijini, nyanda za juu ziliwekewa Wazungu, na Mwafrika wa Nairobi akapelekwa Pumwani. Huko mstari ulipigwa kwa rangi, huku kwetu kwa kabila, na kalamu ni ile ile.

Kalamu hiyo ilifika hata Hola, kusini yetu, ambako mahabusu wa Mau Mau, walioshikwa katika vita vya kumpinga Mwingereza, walichimbishwa mifereji kwa nguvu, na tarehe 3 Machi 1959 kumi na mmoja wao walipigwa hata wakafa, serikali ikasema kwanza ya kuwa waliuawa na maji waliyokunywa. Baada ya uhuru ikaja vita ya Shifta, ya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, na kwa amri za mwaka 1966 wilaya yetu ikawekwa pamoja na nchi zilizotawaliwa kwa sharia za hatari.

Ndipo ikaja skimu. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha serikali, na Bodi ya Taifa ya Unyunyiziaji ikakusudia kulima hekta 6,700, maji yakivutwa mtoni kwa pampu huko Nanighi. Zilizopatikana hazikufika nusu yake. Familia 2,245 zilitolewa kila upande wa Kenya, kila moja ikagawiwa hekta 1.25 za pamba na mahindi, zikapangwa katika vijiji kumi vyenye nambari badala ya majina. Wakubwa wa kazi wakapewa nyumba za mawe, na mkulima akapewa nyumba ya udongo yenye bati juu, ambayo si yake, kwani alikaa kwa leseni, na aliyevunja kanuni za meneja aliweza kuondolewa. Malka nyingi zikazibwa na mashamba. Na mathenge, mti uliopandwa miaka ya themanini ili uwe kuni na kivuli, umeenea hata ukaziba mifereji, na miiba yake yatoboa gurudumu la baiskeli na kwato za mbuzi. Mti huo peke yake haukuheshimu mstari wowote.

Basi hukumu yangu ni hii: waliotenganisha makazi ya Bura ni watu wa ofisini, kwa tarehe na sharia zinazojulikana, wala si damu wala si desturi. Nanyi mnaopima ardhi leo na kuandika hati miliki, kabla hamjapigilia kigingi kimoja waulizeni wazee wa mtoni na wafugaji pamoja, tena baraza moja, malka ziko wapi na kila moja yaitwaje, mkaziandike katika ramani zenu, kwani malka isiyoandikwa leo itakuwa kesi kesho.