Nahodha, Hofu na Kofi: The High and the Mighty (1954) katika Historia ya Filamu za Maafa ya Ndege

Utangulizi

Makala haya yanachunguza filamu ya Kimarekani The High and the Mighty, iliyoongozwa na William A. Wellman na kutolewa mwaka 1954. Aghalabu filamu hii hutajwa kuwa miongoni mwa vyanzo vya utanzu wa filamu za maafa ya ndege, kisha mjadala ukaishia hapo. Utanzu wenyewe huchukuliwa kuwa burudani tupu: chombo hupatwa na hitilafu, abiria huomba na kulia, shujaa huwaokoa, na taa za ukumbi huwashwa. Mtazamo huo una ukweli fulani, lakini unalipita swali zito ambalo filamu inalijenga na kulijibu: mtu aliyepewa amana ya roho za wengine akiingiwa na hofu, ni nani mwenye haki ya kumrekebisha, na kwa njia gani? Tutaonyesha kwamba jibu linalotolewa lilitokana na wakati wake. Tutalipima kwanza kwa tukio la kweli lililotokea katika njia iyo hiyo ya anga mwaka 1956, kisha kwa filamu zilizofuata.

Usuli wa Kihistoria

Filamu hii ina misingi ya riwaya ya Ernest K. Gann iliyochapishwa mwaka 1953. Gann alikuwa rubani wa ndege za abiria kabla ya kuwa mwandishi, na ndiye aliyeandika mswada wa filamu. Wellman naye alirusha ndege za kivita nchini Ufaransa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na filamu yake ya Wings (1927) ndiyo ya kwanza kutunukiwa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Kwa hiyo walioisimulia hadithi hii waliijua kazi ya urubani kutoka ndani. Ndiyo maana hesabu za mafuta, kasi ya upepo na mlio wa injini havikuwekwa kama mapambo ya mandhari. Hivyo ndivyo vinavyousukuma msuko.

Wakati nao ulikuwa na uzito wake. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Kiingereza aina ya Comet ilianzisha safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti, kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe. Watu waliamini kwamba enzi mpya imeanza. Kisha, tarehe 10 Januari na 8 Aprili 1954, Comet mbili zilivunjika angani zikaanguka katika Bahari ya Mediterania bila kubakisha mtu. Filamu ya Wellman ilitolewa miezi michache baadaye. Ni jambo la maana kwamba chombo chake ni DC-4, ndege ya rafadha nne iliyobuniwa kabla ya enzi ya jeti. Chanzo cha maafa ya Comet, yaani uchovu wa metali, hakikuonekana kwa macho na kilihitaji uchunguzi mrefu wa wahandisi. Katika DC-4 ya Gann, kwa upande mwingine, injini hushika moto na kulegea katika bawa, na mafuta yakavuja. Hitilafu inayoonekana ndiyo inayosimulika kwa urahisi, na yamkini ndiyo iliyowawezesha watazamaji wa mwaka ule kuitazama hofu yao.

Msuko na Wahusika

Ndege inaondoka Honolulu kuelekea San Francisco ikiwa na watu 22. Hitilafu inazuka baada ya kupitwa mahali ambapo mafuta hayatoshi tena kuirudisha ilikotoka. Huu ni umbo la tanzia kongwe: mahali pamoja, wakati mfupi, na mlango wa nyuma uliofungwa. Hata hivyo, namna ya kuwakusanya wahusika chini ya paa moja ilikuwa imezoeleka Hollywood tangu Grand Hotel (1932), iliyotokana na riwaya ya Vicki Baum. Alichoongeza Gann ni kwamba jengo lenyewe linaweza kuanguka.

Kwa kutumia mbinu rejeshi, filamu inamchukua mtazamaji hadi katika maisha ya abiria. Yumo mwanasayansi aliyeichukia kazi yake ya silaha, mume mwenye wivu aliyepanda ndege akiwa na bastola, na Sally McKee, anayekwenda kuonana na mwanamume anayemfahamu kwa barua na picha ya zamani tu. Tukio ambapo Sally anajifuta vipodozi, ili kifo au mchumba amkute na uso wake halisi, ndilo kilele cha usawiri wa abiria. Jan Sterling na Claire Trevor waliteuliwa wote wawili kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Lakini usawa huu wa mbele ya kifo haukuwafikia wote. Dorothy Chen, msichana wa Kikorea, anapewa upole na tabasamu, lakini hapewi mgogoro. Filamu inayodai kwamba hatari huondoa vinyago inambakishia yeye kinyago chake.

Nahodha Wawili

Kiini cha filamu kimo katika chumba cha marubani. Nahodha ni John Sullivan, aliyeigizwa na Robert Stack: kijana kiasi, mwenye cheo, na mwenye hofu iliyokuwa ikimla taratibu kabla ya safari hii. Msaidizi wake ni Dan Roman, aliyeigizwa na John Wayne: mkongwe anayechechemea, aliyempoteza mkewe na mwanawe katika ajali ya ndege aliyoirusha yeye mwenyewe nchini Kolombia. Cheo kiko kwa mmoja, tajriba kwa mwingine. Waswahili husema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Filamu inaupindua usemi huo, kwani chombo kinapona kwa sababu ya nahodha wa pili.

Sullivan anaamua kuitua ndege baharini usiku. Roman anaona kwamba wengi watakufa katika mawimbi na kwamba mafuta huenda yakatosha. Hoja inaposhindwa, anampiga Sullivan kofi. Sullivan anazinduka, ndege inasonga mbele, nayo inatua San Francisco ikiwa na mafuta kidogo mno. Tunastahili kulitazama kofi hili kwa makini, kwa kuwa ndilo jibu la swali tulilouliza mwanzoni. Filamu inausawiri uamuzi wa kutua baharini kama dalili ya ugonjwa wa nafsi, na dawa yake inatolewa na mwili wa shujaa. Uwezekano kwamba hofu inaweza kuwa na hoja haupewi nafasi. Kwa hadhira ya Kimarekani iliyotoka vitani miaka tisa tu kabla, na iliyomzoea Wayne katika sare za jeshi, tafsiri hii ya ushujaa haikuhitaji utetezi.

Bahari ya Mwaka 1956

Historia ilileta jibu jingine. Tarehe 16 Oktoba 1956 ndege ya Pan American aina ya Boeing 377, ikiwa na watu 31, ilikuwa ikitoka Honolulu kwenda San Francisco. Rafadha ya injini moja ilizunguka kwa kasi isiyozuilika, kisha injini ya pili ikafa. Mafuta hayakutosha kufika mbele wala kurudi nyuma. Nahodha, Richard Ogg, aliamua kutua baharini. Hakutua usiku. Aliizunguka meli ya walinzi wa pwani, Pontchartrain, hadi kulipokucha. Abiria waliondolewa katika sehemu ya nyuma, kwa kuwa ilijulikana kwamba mkia wa ndege ya aina hiyo ungeweza kukatika. Ndege ilipogusa maji mkia ulikatika kweli, lakini watu wote 31 waliokolewa.

Hatudai kwamba Ogg anamkosoa Roman. Ndege ya Sullivan haikuwa na muda wa kungoja mapambazuko wala meli chini yake, na katika mazingira yale huenda Roman alikuwa sahihi. Tunachodai ni kwamba mizani imehama. Uamuzi ambao filamu iliufanya alama ya hofu ulikuwa, miaka miwili baadaye, kazi ya akili tulivu. Kilichowaokoa abiria wa Ogg hakikuwa tu uthabiti wa mtu mmoja. Palikuwapo subira, mawasiliano ya redio, wafanyakazi waliofunzwa, na kumbukumbu ya ajali iliyotangulia. Filamu nayo inaonyesha ndege ya uokozi ikitumwa kuilaki DC-4, lakini inaiweka pembeni ili uso wa shujaa uenee katika skrini pana.

Kutoka Hofu hadi Kicheko

Filamu zilizofuata zilirithi msuko, lakini swali la hofu ya kiongozi likabadilika. Katika Zero Hour! (1957), iliyotokana na tamthilia ya televisheni ya Arthur Hailey, marubani wanaangushwa na chakula kilichoharibika, na hofu inahamia kwa abiria aliyekuwa rubani vitani. Katika Airport (1970), iliyotokana na riwaya nyingine ya Hailey, adui ni abiria mwenye bomu, na wokovu unategemea uwanja mzima wa ndege: meneja, mafundi na waondoa theluji. Hapa taasisi imechukua nafasi ya shujaa pekee, ingawa taasisi yenyewe inasifiwa kupita kiasi.

Kisha ikaja Airplane! (1980), iliyotwaa msuko wa Zero Hour! na kuugeuza kichekesho. Robert Stack, aliyekuwa nahodha mwenye hofu mwaka 1954, anarudi kama mzaha wa uthabiti. Katika tukio linalokumbukwa sana, abiria wanapanga foleni kumpiga mwanamke aliyepagawa. Hatuhitaji kuthibitisha kwamba makofi haya yalitokana na lile la Roman ili kuona maana yake. Ishara iliyokuwa imebeba falsafa nzima ya uongozi ilikuwa imerudiwa mara nyingi kiasi cha kubaki ganda, na ganda huchekesha.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba The High and the Mighty ni matini inayostahili uhakiki kwa sababu inakata shauri katika jambo ambalo jamii yoyote hulikabili. Ubora wake umo katika kuthubutu kumwonyesha nahodha mwenye hofu, na udhaifu wake umo katika haraka ya kumponya. Mhakiki anayeishia kuhesabu kanuni za utanzu ataona kofi na kulipita. Anayeisoma filamu pamoja na historia yake atauliza Sullivan alikuwa akisema nini kabla ya kupigwa, na kama palikuwa na mtu wa kumsikiliza. Swali hilo halihusu marubani peke yao.