Weupe Unaobambuka: Rangi ya Hiace na Dhamana Isiyovuka Bahari

Asiyejali magari huenda asilione kabisa doa ninalotaka kulizungumzia. Liko juu ya boneti, au kwenye ukingo wa paa juu ya kioo cha mbele, katika Hiace nyeupe zinazopakia watu na mizigo kati ya Mwanjelwa na Uyole jijini Mbeya, au zinazoshuka kutoka mjini Iringa kwenda Ipogolo. Rangi nyeupe imejiachia vipande vipana kama gome la mlingoti, na chini yake pametokea kijivu kikavu. Hakuna mti ulioikwaruza, wala ukuta. Abiria husema gari limechoka. Askari wa usalama barabarani husema ni bovu. Tajiri humwambia dereva kwamba analiosha kwa sabuni kali. Mimi nasema kwamba doa lile lina historia, na kwamba katika historia hiyo dereva wa Mwanjelwa ndiye mtu wa mwisho kustahili lawama, ijapokuwa ndiye wa kwanza kulipa.

Tuanze na barabara, kwa maana Nyanda za Juu Kusini hazikupata magari kwa bahati nasibu. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta imefungiwa mlango wa kusini, na mafuta yake yakaanza kupita kwetu, kwenye mapipa yaliyobebwa na malori, kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Njia ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na mlima Kitonga ulimeza mashine na watu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Iringa, Makambako na Mbeya ziligeuka kuwa miji ya magurudumu.

Lakini magurudumu hayo yalikuwa ya nani? Ya Serikali, ya misheni, ya mashamba ya chai, ya mashirika ya umma. Mwananchi alipanda basi la KAMATA au la kampuni ya usafirishaji ya mkoa, na likiharibika alisubiri. Gari lilikuwa mali ya taasisi yenye karakana yake, fundi wake na stoo yake ya rangi. Landrover ikibambuka, hilo lilikuwa jambo la mkuu wa karakana, na gharama ilimezwa katika bajeti ambayo hakuna mtu mmoja aliyeihisi mfukoni.

Mpangilio huo ulivunjwa na umaskini. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilikauka fedha za kigeni, mabasi ya umma yakalala juu ya mawe kwa kukosa vipuri, na watu wakaanza kusafirishwa na magari ya watu binafsi, kwanza kwa kujificha, kisha kwa ruhusa, ndipo likazaliwa jina daladala. Katika bajeti ya mwaka 1984 Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana alizipataje. Wanahistoria wa uchumi hupenda kuitaja bajeti ile kwa ajili ya vitenge na sabuni zilizorejea madukani. Kwa mikoa yetu matunda yake makubwa yalikuja miaka iliyofuata, kwa sura ya gari lililotumika. Mkulima wa mpunga wa Usangu, mfanyabiashara wa mbao wa Mufindi, mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo chake: hawa sasa wangeweza kuwa matajiri wa Hiace. Gari lilihama kutoka taasisi kwenda kwa mtu, na karakana haikuhama pamoja nalo.

Kwa nini Hiace, na kwa nini nyeupe? Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo usukani uko mahali pake. Huko pia kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken, ambao kwa magari ya mizigo hurudiwa kila mwaka na ambao humfanya mmiliki aone kwamba kulilea gari lililozeeka ni ghali kuliko kuliuza. Toyota ilianza kutengeneza Hiace mwaka 1967, na kwao ni chombo cha kazi: gari la fundi umeme, la fundi bomba, la dobi, la muuza samaki. Mwajiri wa namna hiyo hununua gari jeupe kwa sababu ni la bei ndogo na kwa sababu weupe ni ubao mtupu wa kuandikia jina la kampuni. Hadi leo yako magari hapa kwetu yenye maandishi ya Kijapani milangoni, nasi tunapanda bila kujua kama tumekalia jina la duka la mikate au la mzikaji.

Sisi nasi tulikuwa na sababu zetu za kuupenda weupe huo. Miji yetu huzitambua daladala kwa mstari wa rangi ubavuni unaoonyesha njia, na mstari husomeka vizuri juu ya nyeupe. Kenya ilifanya jambo la jinsi hiyo ilipoamuru mstari wa njano kwenye matatu zote kuanzia mwaka 2004. Tena, tusisahau kwamba miongo ya misaada ilikuwa imekwisha kutufundisha kuheshimu gari jeupe: Land Cruiser ya mradi, ya Umoja wa Mataifa, ya mkurugenzi. Nathubutu kusema kwamba Hiace nyeupe, kabla haijaanza kubambuka, iliazima kidogo heshima hiyo.

Sasa tuingie kiwandani, maana hapo ndipo doa lilipoanzia. Bodi ya gari haipakwi rangi kama ukuta wa nyumba. Kwanza huzamishwa katika bwawa la rangi lililopitishwa umeme, hata chuma chote kikashikwa na ngozi nyembamba ya kuzuia kutu, nayo mara nyingi ni ya kijivu. Juu yake huja rangi ya kati, ambayo mafundi wetu huiita praima, kisha rangi ya juu tunayoiona. Ngozi ile ya chini ni hodari dhidi ya maji na dhaifu dhidi ya jua. Miale ya urujuanimno ikipenya na kuifikia, uso wake huwa unga, na kila kilicho juu yake hupoteza mahali pa kushika. Rangi ya juu inaweza kuwa bado nzima, inang'aa, na bado ikadondoka, kwa kuwa kilichokufa ni mshiko ulio chini yake.

Viwanda vilijua hili mapema. Katikati ya miaka ya 1980 baadhi ya watengenezaji wa Marekani waliiruka rangi ya kati katika baadhi ya magari yao ili kupunguza gharama na muda, na baada ya miaka michache magari hayo, zikiwemo pikapu za Ford, yakaanza kujichuna barabarani. Wamiliki walikwenda mahakamani, na kesi zikaendelea katika miaka ya 1990. Kizazi kimoja baadaye, mwaka 2019, Toyota iliwaarifu wateja wake wa Marekani kwamba baadhi ya magari yake meupe, Corolla na RAV4 zikiwemo, yenye rangi za namba 040 na 070, yangeweza kubambuka kwa sababu mwanga wa jua hudhoofisha mshiko kati ya ngozi ya chini na rangi ya kati. Kampuni ikaongeza muda wa dhamana na kugharimia upakaji upya. Sisemi kwamba kila Hiace iliyobambuka Mbeya ina kasoro hiyo hiyo. Nasema kwamba jambo linalofanana nalo, likimtokea mtu wa Texas, lina jina, lina barua ya kampuni na lina mlipaji. Likimtokea mtu wa Mbalizi linaitwa uchakavu.

Na jua letu halina huruma. Watu wa pwani hudhani kwamba kwa kuwa Iringa na Mbeya ni baridi, jua lake ni la upole. Ni kinyume. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, Iringa chini yake kidogo. Kuanzia Mei hadi Oktoba anga huwa safi, usiku wa Juni na Julai ni wa kutetemeka, mchana chuma cha boneti kinachoma mkono, na rangi hutanuka na kusinyaa kila siku. Ndiyo maana doa huanza kwenye boneti na paa, sehemu zinazolala kifudifudi mbele ya jua, wala halianzi milangoni, ambako sabuni na mikono ya abiria hugusa zaidi. Hoja ya sabuni inaanguka hapo. Kisha mvua za Novemba zinakuja, na gari linalofanya safari za Tukuyu, ambako mvua haijui adabu, hupata kutu pale pale jua lilipofungua njia.

Mzigo wote huu humwangukia fundi rangi. Ukienda kwenye gereji za Mbeya utamkuta na msasa, puti, tina na kompresa inayonguruma kwa umeme unaokatikakatika. Anajua kazi yake kuliko tunavyomsifu. Atakwambia wazi kwamba kiraka hakitadumu: ukipaka ukingo wa doa tu, rangi mpya inakaa juu ya rangi inayokaribia kuachia, na mwezi wa tatu vyote viwili vinaondoka pamoja. Dawa ni kukwangua nyeupe yote inayolegea, kuisugua ile ngozi ya kijivu iliyogeuka unga hadi mahali pagumu au hadi chuma, kupiga praima ya epoksi, kisha ndipo rangi ya juu. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na siku hizo gari halileti hesabu. Tajiri anachagua kiraka. Ndiyo maana utaona magari ya shule, yaliyogeuzwa kuwa ya njano kwa mujibu wa kanuni, yakibambuka njano na nyeupe kwa pamoja, na kijivu kile kile kikichungulia.

Dola iko wapi katika hadithi hii? Ipo, tena mara nyingi. Bandarini hutoza gari kuukuu ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Barabarani hulisimamisha kwa ubovu wa bodi. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, tuliyorithi kutoka kwa mkoloni na yenye mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, humpa mnunuzi haki kadhaa dhidi ya muuzaji, ila muuzaji yuko Yokohama au Nagoya, na aliuza kwa picha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani yenye wajibu wa kumlinda mlaji. Mlaji wa gari lililokwisha kutumiwa na mwingine ng'ambo ni mlaji pia, na katika nchi yetu ndiye mlaji wa kawaida wa gari.

Tume haiwezi kuanza bila ushahidi, na ushahidi ni rahisi kuukusanya. Kila Toyota inayoshuka Dar es Salaam imebeba kibao kidogo cha bati chenye namba ya rangi yake, kimepigiliwa kiwandani. Mkaguzi anayeandika namba ya injini na ya chesisi angeweza kuiandika na hiyo, pamoja na mwaka gari lilipotengenezwa, na baada ya misimu michache ya kiangazi tungejua ni rangi zipi, za miaka ipi, zinazoachia Mbeya na Iringa. Hadi sasa orodha hiyo ipo vichwani mwa mafundi rangi, nao hakuna aliyewauliza.