Ukata uliozaa filamu za kutisha

Wapenzi wa filamu za kutisha huzipanga kwa kufuata anayetisha: wanyonya damu fungu lao, mazombi fungu lao, wauaji wenye visu lao, majini na mizimu lao. Ni mpangilio unaomfaa mwenye duka la kanda. Lakini ukizifuatilia filamu zenyewe tangu mwanzo, unakuta tanzu nyingi zilianzishwa na watu waliokuwa wamebanwa na fedha, na mengi yanayoitwa leo kanuni za utanzu yalianza kama mbinu za kubana matumizi.

Kampuni changa ya Kijerumani, Prana-Film, ilitoa Nosferatu mwaka 1922, ikiongozwa na F. W. Murnau. Kisa kilitoka kwenye riwaya ya Bram Stoker, Dracula, ila hakimiliki haikulipiwa. Majina yakabadilishwa, Dracula akageuka Orlok, wakadhani mambo yamekwisha. Florence, mjane wa Stoker, hakudanganyika. Kesi ikafunguliwa, kampuni ikafilisika, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Zilizosalimika zilibeba jambo ambalo Stoker hakuliandika kabisa: mnyonya damu kufa kwa kupigwa na jua. Kwenye riwaya, Dracula hutembea mchana. Kanuni anayoijua kila mtoto imetoka kwenye filamu ya wizi.

Miaka ishirini baada ya Nosferatu, studio ya RKO ya Hollywood ilikuwa taabani. Ikamwajiri Val Lewton atengeneze filamu za kutisha za bei nafuu kwa masharti haya: gharama isizidi dola 150,000, urefu usizidi dakika 75, na jina la filamu watachagua wakubwa. La kwanza alilopewa ni Cat People. Lewton na mwongozaji wake, Jacques Tourneur, walimficha mnyama kwenye vivuli karibu filamu nzima. Katika tukio moja, mwanamke anatembea peke yake usiku huku nyayo zikimfuata. Mara nyayo zinakoma. Unasikika mlio mkali, unaruka kitini, kumbe ni breki za basi. Mbinu hiyo ya kumshtua mtazamaji kwa kitu kisicho na madhara bado inaitwa basi la Lewton, na waongozaji wavivu wameichosha kwa kuitumia ovyo.

Zombi ana historia ndefu zaidi, na ya uchungu. Asili yake ni Haiti, nchi iliyojengwa na watumwa kutoka Afrika. Huko zombi alikuwa maiti aliyeamshwa na mchawi ili amfanyie kazi bila malipo; si mla watu, ni mtumwa ambaye hata kifo hakikumpa uhuru. Marekani ilipoikalia Haiti kijeshi, kuanzia 1915 hadi 1934, simulizi hizo zilivuka bahari, na White Zombie ya 1932 ikazipeleka kwenye majumba ya sinema.

Zombi tunayemjua sasa alitoka Pittsburgh, Marekani. George Romero na wenzake walikuwa wakitengeneza matangazo ya televisheni. Watu kumi walichanga dola 600 kila mmoja, wakaanza, wakatafuta nyingine njiani, na hatimaye Night of the Living Dead ikagharimu kama dola 114,000. Walipiga picha nyeusi na nyeupe. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Shujaa Ben aliigizwa na Duane Jones, Mwafrika Mmarekani, na filamu haimtaji mtu rangi yake hata mara moja. Ben anapona usiku mzima wa kuzingirwa na wafu. Asubuhi anapigwa risasi na kikosi cha Wazungu waliokuja kuokoa watu, nao wanamtupa motoni pamoja na maiti nyingine. Filamu ilitoka Oktoba 1968, miezi sita tangu Martin Luther King auawe, na hakuna mtazamaji aliyehitaji kufafanuliwa.

Kisha likatokea kosa la karani. Filamu ilikuwa na jina jingine. Msambazaji alipolibadilisha, tamko la hakimiliki lililokuwa kwenye bango la jina likaondoka nalo. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, kazi iliyotolewa bila tamko ilikuwa mali ya umma. Vituo vya televisheni vikaionyesha bure, wauza kanda wakainakili watakavyo, Romero akabaki na sifa kuliko pesa. Wafu wanaofufuka na kula nyama ya watu, na wanaokufa kwa risasi ya kichwa tu, wakawa wa kila mtu. Sidhani kama zombi angeenea dunia nzima namna hii kama karani yule angekuwa makini.

Halloween ya 1978, iliyofungulia mlango mafuriko ya wauaji wenye visu, ina mfadhili asiyetarajiwa: Moustapha Akkad, Msyria aliyehamia Marekani, yuleyule aliyeongoza The Message, filamu ya maisha ya Mtume Muhammad. Alitoa kama dola 300,000. John Carpenter aliongoza na kutunga muziki mwenyewe. Barakoa ya muuaji ilikuwa ya Kapteni Kirk wa Star Trek, ya bei rahisi ya dukani, ikapakwa rangi nyeupe. Hadithi ni ya msimu wa majani kupukutika, lakini walirekodi California wakati miti ina majani mabichi. Wakatawanya majani ya bandia, wakamaliza tukio, wakayazoa kwa ajili ya tukio lijalo. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 40. Walioiga walipata fedha nyingi, na wachache wao walipata hofu ile.

Afrika nayo ina utanzu wake. Kenneth Nnebue alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki nchini Nigeria, na inasimuliwa kwamba alikuwa na shehena ya kanda tupu zisizouzika. Mwaka 1992 akatoa Living in Bondage: Andy anamtoa mkewe kafara ili atajirike, na mzimu wa mke unamfuata ndani ya utajiri wake. Kanda ziliuzika kweli. Filamu za kafara zikafuata kwa wingi na kuvuka hadi Dar es Salaam, ambako Mussa Banzi, katika miaka ya 2000, alitengeneza Nsyuka na Shumileta kwa kamera za video, akiweka majini ya kwetu mahali pa vyama vya siri vya filamu za Nigeria.

Mwaka 2019 Nigeria ilitoa mwendelezo wa Living in Bondage, ukiongozwa na Ramsey Nouah, wenye magari ya kifahari na picha safi za sinema. Unapendeza macho. Kwa kutisha, bado naichagua ile kanda ya 1992 na chenga zake.