Fahamu Namna Akili Unde Inavyogeuza Mchoro wa Mkono Kuwa Programu

Teknolojia ya Akili Unde sasa inamwezesha mtu asiye na taaluma ya kompyuta kuchora kwa kalamu mwonekano wa programu anayoihitaji, kuupiga picha mchoro huo kwa simu na kupata programu ya awali ndani ya dakika chache. Hatua hiyo inawafungulia mlango wananchi wanaoifahamu kazi yao vizuri lakini hawajui kuandika msimbo wa kompyuta.

Mwaka 2017 mtafiti Tony Beltramelli alichapisha utafiti uitwao pix2code, ulioonesha kuwa kompyuta inaweza kuitazama picha ya skrini na kuandika msimbo wake kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 77. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilionesha Sketch2Code, mfumo unaosoma michoro ya mkono. Tarehe 14 Machi, 2023, kampuni ya OpenAI ilipotambulisha GPT-4, mchoro mdogo wa daftarini uligeuzwa kuwa tovuti mbele ya watazamaji.

Mfumo wa aina hiyo hufunzwa kwa mifano mingi ya picha na misimbo. Unapopewa mchoro, hutambua mistari, visanduku na maandishi. Kisha hukisia kuwa kisanduku kirefu ni mahali pa kuandika, na kidogo chenye neno “Hifadhi” ni kitufe. Baada ya hapo huandika msimbo, na mtumiaji huagiza marekebisho kwa maneno ya kawaida.

Mathalani, Kata ya Tura katika Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, ipo kwenye njia ya kale ya misafara iliyotoka pwani na kuvuka nyika ya Mgunda Mkali kuingia Unyamwezi. Mkoa huo unafahamika kwa ufugaji wa nyuki. Kikundi cha wafugaji kinachotunza kumbukumbu kwa daftari kinaweza kuchora fomu yenye namba ya mzinga, msitu ulipotundikwa, tarehe ya kurina na kilo za asali. Katibu wa kikundi ndiye anayejua ni taarifa zipi zinahitajika na zinaandikwa kwa mpangilio upi. Kwa mchoro, ujuzi huo humfikia mtaalamu wa programu bila kupotea njiani.

Hata hivyo, mchoro huonesha sura ya programu tu. Hausemi nani anaruhusiwa kuona taarifa, nini kifanyike mtandao ukikatika, wala namna ya kuwatofautisha wanachama wawili wenye jina moja. Kitufe cha “Hifadhi” kinaweza kubonyezeka na kutoa ujumbe wa mafanikio ilhali taarifa hazikuhifadhiwa popote. Kwa mfugaji anayesubiri malipo ya asali yake, kasoro hiyo ni hasara. Kwa sababu hiyo, programu iliyotokana na mchoro ichukuliwe kuwa kielelezo cha majaribio hadi mtaalamu aikague.

Tahadhari nyingine inahusu picha yenyewe. Anayepiga picha ukurasa wa daftari wenye majina, namba za simu na viwango vya malipo, anazituma taarifa za watu kwenye kompyuta ambazo huenda ziko nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inaweka masharti ya kukusanya, kuchakata na kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Inashauriwa kuchora fomu tupu, au kutumia majina ya kubuni wakati wa majaribio.

Kwa upande wa taasisi za umma, Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya Mwaka 2019, iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao yenye jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za serikali mtandao. Mtumishi wa halmashauri au kijiji mwenye mchoro mzuri anapaswa kuupeleka kwa Ofisa TEHAMA wa taasisi yake kabla mwananchi yeyote hajaombwa kujaza taarifa zake.