Kina cha Kaburi na Kina cha Shimo: Sanaa ya Jadi na Machimbo ya Dhahabu katika Migori na Homa Bay

Mhakiki anayetaka kujua jinsi sanaa ya jadi ilivyoyajibu machimbo ya Nyanza Kusini hukabiliwa na tatizo tangu mwanzo. Ushahidi wa machimbo ni mwingi na uko wazi: mashimo, vifusi na maji yaliyochafuka. Ushahidi wa sanaa inayoyataja machimbo hayo kwa jina ni haba katika maandishi yetu. Je, ukimya huu ni wa wasanii, au ni wa sisi watafiti? Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya ukimya ni yetu. Aidha yanadai kwamba jibu la sanaa ya jadi halina budi kutafutwa kwanza katika namna sanaa hiyo inavyoielewa ardhi, kabla ya kutafutwa katika nyimbo za malalamiko.

Tuanze na historia. Mnamo 1931 dhahabu ilizua mkurupuko wa wachimbaji Wazungu huko Kakamega. Sheria ya amana ya ardhi za Waafrika ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ikitwaliwa, wenyewe watafidiwa kwa ardhi nyingine. Ahadi hiyo haikudumu. Mwezi Desemba 1932 sheria ilirekebishwa ili kurahisisha utwaaji wa ardhi yenye madini, na fidia ya ardhi kwa ardhi ikaondolewa. Katika Migori ya leo, mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, vifusi vikabaki. Wachimbaji wadogo waliingia katika Nyatike na sehemu nyingine za Migori kwa sululu, karai na vinu vya kusagia mawe. Wanawake wengi hufanya kazi ya kuponda na kuosha mawe, na zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu hupita mikononi mwao na kuishia katika vijito vinavyoelekea ziwani. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013. Sheria ya Madini ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1940, iliwatambua wachimbaji wadogo na kuitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Hata hivyo, sheria hiyo inasisitiza kwamba madini yote ni mali ya Jamhuri, kwa amana ya wananchi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Sheria inaigawa ardhi kwa kina. Juu ni shamba la mtu au la ukoo, chini ni mali ya dola. Sanaa simulizi ya Waluo haitambui mpaka huo. Mluo akitaja kwao, hutaja mahali kondo lake la nyuma lilipozikwa. Akifa, hurudishwa katika udongo wa boma lake. Msomaji atakumbuka kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, ambayo mahakama za Kenya ziliisikiliza kati ya 1986 na 1987. Mahakamani walisimama mashahidi wa mila, miongoni mwao mwanafalsafa H. Odera Oruka, na hatimaye marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Mahakama ilikubali kusikiliza simulizi na desturi ilipokuwa ikiamua mwili uingie udongo upi. Sheria ya madini haina nafasi ya shahidi wa namna hiyo. Kwa maneno mengine, neno la ukoo linasikika hadi kina cha kaburi; chini ya hapo linakoma, na hapo ndipo mchimbaji anapoanzia.

Katika mnasaba huu, kisa cha Simbi Nyaima kinapata uzito mpya. Simbi ni ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay, Homa Bay, ndani ya shimo la volkano. Kwa mujibu wa masimulizi, palikuwa na kijiji kilichokuwa katika karamu. Kikongwe akaja kuomba chakula na hifadhi, akafukuzwa, ila mwanamke mmoja akamkirimu. Usiku maji yakakimeza kijiji, na waliookoka ni wale tu walioonywa na kikongwe. Grace Ogot alikiandika kisa hiki kwa Kiluo katika Simbi Nyaima (1983). Mwaka huo huo alitoa Miaha, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na Okoth Okombo mwaka 1989 kwa jina The Strange Bride, ambamo bibi arusi avunja mwiko wa jembe na kuwaletea watu wake maisha ya jasho.

Itakuwa kosa kudai kwamba visa hivi vilitungwa kuyajibu machimbo. Ni vikongwe kuliko Macalder, na mwandishi mwenyewe hakuvifunga na migodi. Uhakiki unaokifanya kila kisa kuwa kilio cha wanyonge unaipoka fasihi historia yake. Lakini ni kosa pia kuviweka katika kabati la mambo ya kale. Visa hivi vinatoa msamiati wa kufikiria madhara: kwamba ardhi humeza jamii iliyokosa utu, na kwamba pigo moja la jembe linaweza kubadilisha maisha ya vizazi. Shimo linapoporomoka na kuwafukia vijana, jamii haianzi kutafuta maana mahali patupu. Tayari ina kisa cha kijiji kilichozama.

Hali kadhalika kwa sanaa ya mawe. Kuta za Thimlich Ohinga katika Migori, zilizojengwa bila udongo wa kushikizia yapata karne ya 16, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Katika kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, kuna michoro ya miviringo myekundu na myeupe huko Mawanga na Kwitone. Kazi hizi hazisemi lolote juu ya zebaki. Zinachosema ni kwamba watu walikuwapo, na kwamba waliyapanga na kuyapamba mawe kabla ya yeyote kuyapasua ili kutafuta dhahabu.

Je, sanaa yaweza kuwa hati ya ardhi? Mwaka 1963 Wayolngu wa Yirrkala, kaskazini mwa Australia, walipeleka bungeni ombi la kupinga uchimbaji wa boksiti. Waliliandika kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakalibandika juu ya magome ya mti yaliyochorwa alama za koo zao. Mwaka 1971 mahakama iliwakatalia, lakini mwaka 1976 Australia ilipitisha sheria ya haki za ardhi za wenyeji katika Jimbo la Kaskazini. Michoro ile haikuwa pambo la ombi. Ilikuwa ndiyo hoja yenyewe: alama hizi ni zetu kwa kuwa ardhi hii ni yetu.

Waluo wana fani zinazoweza kubeba hoja kama hiyo: nyatiti, nyimbo za dodo za wanawake, na pakruok, ambamo mtu hujisifu kwa kutaja ukoo wake na mahali atokapo. Mwanamuziki wa benga Daniel Owino Misiani (1940–2006), mzaliwa wa Shirati, alionyesha jinsi mafumbo ya kijadi yanavyoweza kuwasema watawala wa leo, na aliwahi kutiwa mbaroni kwa ajili hiyo. Kwa hiyo hatuwezi kusingizia kwamba fani hizi zimekufa.

Kilichopungua ni utafiti. Mwanafunzi wangu anapotumwa nyanjani Nyanza Kusini, aghalabu hurudi na Simbi Nyaima. Hajapata kurudi na wimbo wa wanawake wanaoponda mawe. Humwendea mzee chini ya mti, na kumpita mama kando ya kinu, kana kwamba fasihi simulizi ni mali ya waliostaafu. Nasi walimu ndio tuliomfundisha hivyo.

Hapana budi tugeuze njia. Mashimo huhama, vifusi vya zamani husagwa upya, na wafanyakazi hutawanyika dhahabu inapokwisha. Wimbo wa mahali pa kazi hutoweka pamoja na mahali penyewe. Tuurekodi sasa, kwa idhini ya mwimbaji, pamoja na tarehe, mahali, na jina lake iwapo anaridhia litajwe. Siku ukoo utakapoulizwa mbele ya tume au mahakama una ushahidi gani wa kilicho chini ya kaburi, usiwe umeachiwa mawe tu ya kuonyesha.